Kilio cha Shemeji Ndani ya Simu

Mara tatu nimekataa kuandika haya. Mara ya nne wamenijia na daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba nilichokosa ni daftari. Vijana wa darasa la kompyuta wanataka mafunzo ya mtu aliyetoa mchezo wake wa kwanza wa simu. Nikawaambia, muulizeni mwenyewe. Wakasema mwenyewe hasemi. Kwa hiyo mnamjia bibi aliyeacha shule darasa la tatu, anayeikimbiza herufi moja kama anakimbiza kuku? Haya. Ila nitasimulia kwa mwendo wangu, na atakayenikosoa herufi aende akaandike yake.

Mwenye mchezo ni mjukuu wangu wa kike. Wanamwita Nyundo, na jina hilo hakupewa kwa utani. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gari likiletwa gereji limepondeka kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe, yeye ndiye analilalia chini na kulipiga mpaka likumbuke umbo lake. Kazi yake ni kupiga tangu asubuhi hadi jioni. Ana mabega ya mbeba magunia. Juu ya jicho la kushoto ana kovu, mwaka wa kwanza wa kazi boneti ilimrukia ikampasua nyusi, naye akafunga kitambaa akaendelea kupiga kwa jicho moja. Ukimpa pole anakuuliza pole ya nini.

Jioni akishaoga anafungua kompyuta yake kuukuu, vitufe viwili vimeng'oka anavibonyeza kwa njiti ya kiberiti, anatengeneza mchezo. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Mwingine anafuga njiwa, yeye alifuga hicho. Mchezo aliuita Kichapo. Mchezaji anashika nyundo nyekundu, anavunja gari: taa, vioo, milango, paa. Gari likiisha kuvunjika, mwenye gari anatoka na hasira zake, wanapigana mpaka mmoja alale. Alichora magari arobaini, moja moja, mpaka skrubu za bampa.

"Arobaini ya nini?" dada yake mkubwa alimwuliza. "Mtu atavunja matatu, atakwenda kuoga."

"Wewe hujui michezo."

"Najua watu."

Nyundo hakusikia. Miaka miwili hakumwonyesha mtu mwingine yeyote. Alipika mwenyewe, akaonja mwenyewe, akajisifu mwenyewe kwamba chumvi imekolea.

Kilichobaki ni sauti. Sauti za bure alizozipata zilikuwa za kitoto, nyundo inagonga chuma unasikia kijiko kwenye sufuria. Naye nyundo anaijua. Basi siku moja mchana akaiweka simu yake gereji, juu ya rafu ya makopo ya rangi, akaiacha irekodi milio ya kweli.

Sasa sikilizeni vizuri, maana gereji ile walikuwamo watu wawili ambao lazima muwajue.

Wa kwanza ni mume wa dada yake, shemeji yake. Ni mpiga rangi. Wanamwita Msasa kwa sababu kutwa anasugua bodi kwa msasa, vidole vyake vimelika mpaka havina alama. Mtu mpole, mwembamba, mwenye maneno ya kuchekesha. Ndiye aliyemtafutia Nyundo kazi pale, wanaume wote walipocheka kusikia fundi bodi wa kike. "Shemeji," alimwambia siku ya kwanza, "wakikucheka yapige magari yao kwa nguvu zaidi, wao watadhani ni ufundi."

Wa pili ni mnyapara. Huyo ni Jeki, kwa sababu aliwahi kuinua pikipiki juu ya goti lake kwa ubishi. Shingo hana. Kichwa kimekaa juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga.

Siku hiyo gari la mteja mkubwa lilitoka na rangi yenye mapovu. Msasa alikuwa ameshasema asubuhi, bodi bado ina unyevu, tusubiri. Jeki ndiye aliyesema piga. Mteja alipokuja akafoka, Jeki akageuka akatafuta wa kumfokea yeye.

"Umeniaibisha."

"Kaka, nilikwambia mapema kwamba—"

Hakumaliza. Jeki alimpiga konde la mdomo, meno mawili yakatoka hapo hapo, moja likaruka likagonga kopo. Msasa akaanguka juu ya ndoo ya maji ya msasa. Jeki akatungua ukutani mkanda wa injini, ule mpana wenye meno, akamcharaza nao mgongoni, mikononi, kichwani, popote palipojitokeza. Shati likachanika, ngozi ikafuata. Kisha akatupa mkanda akatumia buti. Ubavu ulipovunjika, kila mtu alisikia.

Hapo ndipo Msasa alipolia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, alikumbatia mguu ule ule uliokuwa unampiga, akalia kwa sauti nyembamba kama ya mtoto: "Nimekoma, kaka! Nimekoma!"

Mafundi wanane walisimama. Nyundo alisimama nao, na nyundo yake mkononi. Huyu aliyepasuliwa nyusi akaendelea na kazi, siku hiyo miguu ilikataa. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alihesabu mateke kumi na moja, na kila teke alisema moyoni, likija jingine ninakwenda. Mwisho ni mlinzi wa lango, mzee wa watu, aliyekuja kumvuta Jeki kwa nyuma.

Wakati wanamwosha damu, Msasa aliwashika mkono wote, mmoja mmoja. Neno lake lilikuwa moja: nyumbani wasijue. Mke wangu na wanangu wasijue. Nimeanguka kwenye shimo la gereji. Na Nyundo ndiye aliyempeleka nyumbani, ndiye aliyemwambia dada yake, macho makavu: "Ameanguka shimoni, dada. Nilikuwepo." Mke akalia, akalaani mashimo. Watoto wakampepea baba yao. Baada ya wiki tatu akarudi kazini chini ya Jeki yule yule, maana tumbo halijui aibu. Yote aliyoyameza aliyameza kwa ajili ya kitu kimoja tu: akifika mlangoni kwake aitwe baba, na wanaomwita wasiwe wamemwona anakumbatia buti.

Na simu ilikuwa rafuni inarekodi.

Nyundo aliisikiliza siku nyingi baadaye, akitafuta milio ya nyundo. Akakikuta kilio. Aliniapia kwamba alitaka kukifuta. Lakini alikuwa na wahusika wake, wale wenye magari, wanaopigwa kimya kimya kama magunia. Akakata kipande, kifupi kama kupiga chafya, akakishusha sauti kidogo iwe nzito, akakijaribu. Mchezo ukafufuka. Unapiga, mtu analia, nywele zinakusimama. Akajiambia, nimeshaibadilisha, nani atajua? Mjukuu wangu ana akili, lakini sauti ya mtu ni kama uso wake. Ipake masizi utakavyo, pua ni ile ile.

Akautoa mchezo.

Siku ya kwanza walioupakua ni watu kumi na mmoja, tisa ni ndugu zake. Kwenye simu yake ulikwenda kama maji. Kwenye simu za watu, hizi za bei ya chini zenye nyufa, uliganda kwenye gari la pili, simu ikapata moto kama pasi. Mtu wa kwanza kuandika maoni aliandika neno moja: takataka. Nyundo akamjibu kwa kumtukana mama yake. Huyo mtu akaleta wenzake ishirini, wote wakampa nyota moja na matusi ya nguoni. Ndipo alipoazima simu mbovu za mtaa mzima, akazipanga mezani, akaanza kurekebisha kile ambacho angekirekebisha miaka miwili nyuma. Magari yakapunguzwa yakabaki sita. Dada yake hakusema nilikwambia. Aliimba tu akiosha vyombo, wimbo usio na maneno, mrefu kupita kiasi.

Ulipotoka upya, ulikwenda. Na kilichoubeba si magari, si kuchora, si skrubu za bampa. Ni kile kilio. Kijana mmoja alijirekodi anacheza, kilio kikalia, akacheka mpaka akaanguka kitini, na video hiyo ikasambaa. Ndani ya mwezi mmoja simu elfu kumi na tisa zilikuwa nacho. Mtu akijikwaa stendi, wenzake: "Nimekoma, kaka!" Mke akimfokea mumewe sokoni, wachuuzi: "Nimekoma, kaka!" Kwa kinyozi walikiweka kwenye spika. Nyundo akatembea kifua mbele. Ulimwengu ulikuwa unasema maneno aliyoyatoa chumbani kwake.

Msasa hana simu ya michezo, ana kitochi cha vitufe. Lakini masikio anayo. Siku moja alikuwa anasugua mlango wa gari, wanafunzi wakapita nje: "Nimekoma, kaka! Nimekoma!" wakaangua vicheko. Mkono wake ukasimama. Akamfuata Nyundo upande wa bodi.

"Shemeji. Unasikia wanavyosema huko nje?"

"Nini, shemeji?"

"Hayo maneno. Nani amewaambia?"

Nyundo aliendelea kupiga, akapiga mara nne zaidi bila sababu. "Watoto tu, shemeji. Maneno ya mtaani."

"Maneno ya mtaani," Msasa alisema. Akarudi kusugua. Alisugua mpaka akapita puti ya kusawazishia, akafika kwenye bati tupu.

Wewe unayesoma utasema, hapo angekifuta. Usiku mmoja, dakika kumi, basi. Ndiyo. Lakini wewe hujawahi kupendwa na watu elfu kumi na tisa kwa mpigo. Alijiambia wiki ijayo. Akajiambia Msasa hajatambua. Sikio la kufa halisikii dawa, na mbaya zaidi, linasikia makofi.

Jumapili moja mchana wote walikuwa kwa dada yake. Msasa ameketi mkekani na wanawe, anawachekesha na pengo lake, anapitisha ulimi akisema amefungua dirisha ili hewa iingie. Binti yao wa miaka saba, tunayemwita Kidomo kwa kuwa hanyamazi, alikuwa na simu ya mama yake pembeni. Amewekewa mchezo wa mama mdogo, anavunja gari, anafurahia. Akalimaliza. Mwenye gari akatoka. Kidomo akampiga, mara ya kwanza, ya pili.

"Nimekoma, kaka! Nimekoma!"

Mtoto akanyamaza. Kidomo yule! Akaisogeza simu sikioni, akapiga tena. Kisha akasimama.

"Mama. Baba yumo ndani ya simu."

"Cheza huko, acha makelele."

"Ni baba. Ni sauti ya baba. Mama mdogo, kwa nini nampiga baba?"

Msasa akainuka, akaichukua simu mkononi mwa mwanawe taratibu, akagusa kioo kwa kile kidole kisicho na alama. Kilio kikalia. Akagusa tena. Dada mtu akamtazama mumewe, akatazama pengo mdomoni mwake, akamtazama mdogo wake, na lile shimo la uongo la gereji likafukika palepale mbele ya macho yake.

"Uliniambia ameanguka," alisema. "Uliniapia jikoni kwangu."

"Dada, nili—"

Kibao cha dada yake kilimzungusha. Cha pili kilimkuta anarudi. Kisha sahani, kisha mwiko, kisha kigoda, ambacho kama kingempata kichwani leo ningeandika mambo ya msiba. Nyundo, mwenye mabega yale, hakuinua mkono kujikinga. Watoto wakapiga mayowe.

Msasa hakumgusa. Alimsogelea mpaka pua zikakaribiana, akasema polepole, na ndilo pigo lililomuuma kuliko vibao vyote:

"Siku ile ulisimama na nyundo mkononi, nikasema moyoni, shemeji ameogopa, ni binadamu. Kumbe ulikuwa kazini."

Akatoka.

Alikwenda gereji. Jumapili hufanyika kazi nusu siku, Jeki alikuwapo peke yake na mlinzi, amekaa juu ya tairi, miguu kaipandisha. Na mkononi, msishangae, anacheza Kichapo. Yeye alikitambua kilio tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiwachezea wateja. "Huyu ni msanii wangu," alikuwa akisema, "nilimfundisha mwenyewe kuimba."

Nyundo alikuwa nyuma ya Msasa hatua hamsini, anakimbia, damu inamtoka puani, anaita, "Shemeji! Shemeji, rudi!" Alifika langoni akamwona ameshaokota spana ya magurudumu, ile yenye umbo la msalaba.

Jeki aliinua uso. "Ee! Msanii mwenyewe—"

Spana ilimwingia kati ya bega na shingo. Mfupa wa mtulinga ulikatika kama kuni kavu. Jeki alianguka kutoka kwenye tairi, akatambaa, Msasa akamfuata akampiga mgongoni, akampiga makalioni, akampiga kiwiko alichokiinua. Mlinzi alipiga filimbi mpaka pumzi ikamwishia. Simu iliyoanguka chini ikaendelea kulia yenyewe, nimekoma, nimekoma, na Jeki naye akawa analia juu yake, hujui ni yupi ni yupi. Msasa akainua spana kwa mikono miwili juu ya kichwa cha yule mtu. Pale palikuwa pa kuua. Angefungwa maisha, na wanawe wangeitwa watoto wa muuaji.

Safari hii miguu ya Nyundo haikukataa. Aliruka katikati, akaweka mkono wa kushoto. Spana ikauvunja mara mbili, juu ya kifundo na chini ya kiwiko, mkono ukaning'inia kama mkono wa shati. Msasa akaona amempiga nani, akalegea. Na palepale Jeki, mnyama yule, akamvuta mguu akamwangusha, akampanda kifuani, akalikaba koo lake kwa mkono mmoja mzima aliobaki nao. Macho ya Msasa yakatoka. Nyundo akapapasa sakafuni kwa mkono wa kulia, akapata nyundo, akampiga Jeki gotini. Pigo moja, la fundi. Goti likafunguka upande ambao magoti hayafunguki.

Polisi walipofika, walikuta watu watatu wamelala chali wakitazama mabati ya paa, na mlinzi analia.

Hakufa mtu. Jeki anatembea kwa gongo, hana unyapara tena, tajiri wa gereji aliwafukuza wote watatu kwa siku moja. Msasa alifungwa miezi sita. Nyundo hakufungwa, mlinzi alimsemea. Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, na fundi bodi anahitaji mkono huo kushika chuma cha kukingia kwa ndani wakati wa kulia unapiga. Sasa anapiga kwa fundi mwingine, na wa kumshikia ni mtu mwingine. Kwa mtu mwenye kiburi kama chake, hicho ni kifungo.

Akiwa bado na plasta, alikitoa kilio kwenye mchezo, kwa mkono mmoja. Akatuma toleo jipya lisilo nacho. Watu wakawaka: kilio kiko wapi? Rudisheni kilio, mchezo umekufa. Nyota zikaporomoka. Akauondoa mchezo mzima dukani, magari sita na miaka miwili. Akadhani yameisha.

Hayakuisha. Hapo ndipo lilipo somo, ninyi wa darasa la kompyuta mnaoniuliza mtu achore magari mangapi. Chora sita. Jaribu kwenye simu mbovu. Anayekutukana mwache aende. Hayo hata mimi nimeyajua. Lakini ukishakitoa kitu, kina miguu yake. Wale waliopakua toleo la zamani hawakusasisha, walikuwa na wanachokitaka, na yeye hana mkono wa kufika ndani ya simu za watu. Akawa anapita vibanda, stendi, kwa kinyozi, mkono shingoni, anaomba wafute. Wengine walifuta. Wengine walimchezea usoni makusudi. Kwa kinyozi alimtandika mteja mmoja kibao, akarudishiwa viwili, akatolewa nje na povu la mtu shingoni. Kesho yake akarudi pale pale kuomba tena.

Gerezani alikwenda mara moja. Msasa alitoka, akamwona, akageuka akarudi ndani.

Alipoachiwa, alikaa na binti yake mlangoni. Hilo nililisikia mwenyewe, nilikuwa nyuma ya pazia nachambua mchele.

"Baba, hukuanguka shimoni?"

"Sikuanguka. Nilipigwa."

"Ulilia kama vile?"

"Nililia kama vile."

"Ilikuuma sana?"

"Sana, mama."

Kidomo akafikiri. "Basi mimi sitaki mtu akusikie," akasema, akamziba baba yake mdomo kwa viganja viwili.

Hivi sasa Msasa anapiga rangi milango na mageti kwa watu, mbali na stendi. Nyundo akimkuta kwa dada yake, wanasalimiana: shemeji, shemeji. Zaidi ya hapo hakuna. Nyundo hakuniomba niandike. Ninaandika kwa sababu juzi, nikiwa foleni ya zahanati, nimekisikia tena kile kilio, nyuma yangu, kwenye simu ya mama mmoja mwenye heshima zake, anambembelezea mtoto.

Kwa hiyo wewe. Weka karatasi hii chini, chukua simu yako. Tafuta picha ya nyundo nyekundu. Ukiiona, futa. Kisha chukua simu ya mwanao ufanye hivyo hivyo, na ya mumeo, hata akinuna. Na usiufungue kwanza eti usikie kilivyo. Najua unataka kusikia. Futa.